Nyonga bandia: ya kwangu kwa nyuma, ya wifi kwa mbele

Tangu niache magongo, kila nikienda soko la Sabasaba kuna mtu ananivuta pembeni: "Mama, ulipasuliwa wapi, na kwa njia ipi?" Nawajibu wote kwa pamoja.

Mimi nilifanyiwa hapahapa Dodoma, nyonga ya kushoto, kwa njia ya nyuma. Wifi yangu wanawe walimpeleka Chennai, India, akafanyiwa kwa mbele. Tukikutana ni ubishi mtupu.

Kwa nyuma, daktari anapasua upande wa kalio, anakata misuli midogo inayozungusha paja, na akimaliza anaishonea mahali pake. Anaona nyonga vizuri, ndiyo maana madaktari wengi duniani wameizoea. Nilichomwa ganzi ya mgongo nikabaki macho. Nyundo niliisikia ikigonga, maumivu sikuyasikia hata kidogo. Mwoga aombe kabisa dawa ya kusinzia.

Tatizo ni masharti ya wiki za mwanzo: usikunje nyonga kupita nyuzi 90, usipishanishe miguu, usigeuze unyayo kwa ndani. Ukikaidi, kichwa cha nyonga kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Haya, yalete masharti hayo Nkuhungu kwetu: choo cha kuchuchumaa, kigoda jikoni, bajaji yenye kiti cha chini. Hapo ndipo hospitali naipunguzia nyota. Karatasi ya mazoezi walinipa, lakini habari ya choo hakuna aliyeigusa mpaka naruhusiwa. Mwanangu akakimbilia kwa seremala, akachongesha kiti chenye tundu. Kilikuja kifupi, nikikaa magoti yanapanda juu kuliko nyonga, yaani kilekile nilichokatazwa. Kikarudishwa kuongezwa miguu. Seremala huyo nampa nyota zote.

Njia ya mbele hupenya katikati ya misuli bila kuikata sana. Wifi aliacha magongo mapema, akaringa mpaka tukachoka. Lakini hadi leo paja lake kwa nje lina ganzi, maana mshipa wa fahamu wa ngozi unaopita pale huguswa kirahisi. Tena inataka daktari aliyeizoea hasa, na mara nyingi meza maalumu na eksirei humohumo chumba cha upasuaji. Baadaye nami nikamfikia wifi kwa kutembea. Tafiti nazo zinasema hivyohivyo: nafuu ya njia ya mbele ni ya wiki za mwanzo, ikifika mwaka matokeo yanakaribiana.

Njia ya tatu, ya pembeni, naipita haraka. Nyonga huchomoka kwa nadra, ila inakatwa misuli inayokushikilia unapokanyaga, na wapo wanaobaki wakichechemea.

Wanaodhani haya ni majaribio mapya, daktari Mwingereza John Charnley alikuwa akiweka nyonga za chuma na plastiki kwa saruji ya mifupa tangu 1962. Nyingi za siku hizi hupita miaka 15.

Kwa hiyo ukifika kliniki, usiende na njia uliyochaguliwa na jirani. Muulize daktari yeye hufanya ipi mara kwa mara, na wagonjwa wake wangapi wamerudi nyonga ikiwa imechomoka. Choo chako mweleze kilivyo, bila aibu. Na kabla hujalipa, uliza kama nyonga yenyewe imo kwenye gharama hiyo au inalipiwa kando, na bima yako inabeba kiasi gani.