Kubadili matumizi ya kiwanja au kuomba msamaha wa sharti?

Inategemea unabanwa na nini. Kama nyumba inaruhusiwa pale, ila ukuta umeingia nusu mita kwenye nafasi ambayo masharti ya ujenzi yanataka iachwe wazi mpakani, omba msamaha wa sharti hilo moja, yaani ruhusa ya kutolifuata. Kwa kawaida ada ni ndogo na faili ni jembamba. Lakini onyesha kuwa umbo la kiwanja ndilo linalokubana; "nataka sebule kubwa" haitoshi, na hapo ndipo wengi hukwama.

Ukitaka duka penye makazi, mara nyingi utahitaji kubadili matumizi: tangazo, pingamizi za majirani, vikao. Inachosha, kusema kweli. Ila ikipita, atakayenunua kesho anakuta ruhusa ipo. Msamaha hufungwa na mchoro ulioidhinishwa, kwa hiyo anayepanga kupanua baadaye huenda akarudi dirishani kuomba upya.