Baridi ya Julai imefika, nyoka wako utamnunulia hita gani?

Kitu cha kwanza kununua wala si hita, ni thamostati, kile kifaa cha kuzima hita joto likitosha na kuiwasha likishuka. Kama pesa ya leo inatosha kitu kimoja tu chukua hiyo, hita ingoje mwisho wa mwezi, juu hita ikiwa peke yake haijui kuacha kuchoma na nyoka naye anaweza kulala juu yake tu bila kusonga, kesho kutwa ndio unaona tumbo limebabuka. Luthuli Avenue hapa Nairobi utapata zile za kidijitali ambazo watu wa inkubeta za vifaranga hutumia, bora iwe ya 220V si ya 12V. Waya zikikushinda mpe fundi wa stima afunge.

Kuna wale husema ati Nairobi haina baridi. Sawa, lakini usiku wa Julai nje inashuka hadi nyuzi 12 hivi, na yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira anataka upande mmoja uwe 31 mpaka 33, mwingine 25 hivi, ajichagulie mwenyewe. Akipoa sana chakula hakisagiki, anatapika panya mzima, na hiyo harufu bana, wacha tu.

Sasa hita zenyewe. Namba moja yangu ni pedi ya joto, ile nyembamba ya kubandika chini ya tangi kwa nje, ifunike kama theluthi moja ya sakafu. Ya wati 16 ikiwaka siku nzima haimalizi hata nusu yuniti. Shida ni hewa, haipashi, na kwa boksi la mbao joto halipenyi vizuri. Na ukiagiza Marekani soma kibandiko kwanza! Ikiwa ni ya 120V ukaichomeka hapa kwetu 240 inavuta nguvu mara nne, hiyo ni moto wa nyumba.

Ya pili ni balbu ya kauri, na kama boksi lako ni la mbao basi kwako ndio ya kwanza. Inatoa joto bila mwanga kwa hivyo usiku haimsumbui. Lakini lazima holda iwe ya kauri pia, ya plastiki itayeyuka, na uizungushie wavu asijikunje juu yake. Ya wati 100 isipopumzika kabisa inakula yuniti 2.4 kwa siku.

Balbu ya halojeni inatoa mwanga kwa hivyo ni ya mchana tu, usiku ambapo baridi ndio imekolea inabidi uzime, so ikae ya tatu. Ile balbu nyekundu ya vifaranga ya wati 250 achia kuku. Jiwe la umeme la kuweka ndani ya tangi usinunue hata ukipewa nusu bei, na jiko la makaa kwa chumba kilichofungwa litawamaliza wote wawili, wewe na nyoka.

Stima zikipotea, chupa ya maji moto ndani ya taulo inatosha, masaa machache hayamuui.

Na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kiwe mkononi kabla ya haya yote.

Ukishafunga kila kitu, acha iwake usiku kucha nyoka akiwa hajaingia, temometa moja kila upande, halafu amka saa kumi na moja alfajiri usome.