Kumdai Mjerumani nikiwa Mafinga: uzoefu wangu na mahakama zao

Nianze na hesabu, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nilidai euro 12,400. Nikapata 7,800. Baada ya kumlipa wakili, mtafsiri, gharama za kutuma nyaraka na nusu yangu ya ada ya mahakama, mkononi zilibaki kama euro 4,660. Tangu niliposaini kazi na wakili hadi hela kuingia benki ni miezi kumi na sita. Nauli siihesabu, nitaeleza kwa nini.

Nina karakana ya mbao Mafinga. Mwaka 2021 niliona tangazo la mashine ya kuranda pande nne, iliyotumika, kwa muuzaji wa mitumba ya mashine kaskazini mwa Ujerumani. Tangazo lilisema ni ya mwaka 2014, na picha ilionyesha kibati cha namba. Nikalipa euro 24,000. Kontena likafika Dar, likakaa bandarini, likatolewa, likapanda lori. Tarehe 11 Januari 2022 tukalifungua uani. Fundi wangu aliinama dakika mbili tu, akaniita: "Bosi, hii namba siyo ile ya kwenye picha." Mashine ilikuwa ya 1999, na shafti moja ya visu ilikuwa na ufa.

Jioni ileile nikamwandikia muuzaji barua pepe, na picha kumi na moja. Sikufanya hivyo kwa ujanja wa sheria, nilikuwa na hasira. Ila ile barua pepe ndiyo iliyobeba kesi nzima, nitarudi hapo.

Mwezi mzima wa Februari nilimtafuta wakili. Wa kwanza alitaka euro 280 kwa saa. Nikamuuliza kama twaweza kukubaliana alipwe tukishinda, akanijibu kwa upole kwamba kwao hilo kwa kawaida haliruhusiwi, isipokuwa madai madogo sana na hali chache maalumu. Wa pili, mama mmoja mwenye ofisi ndogo, alikubali ada iliyopangwa na sheria. Na hapa niwasifie: kule kuna jedwali. Kiasi unachodai ndicho kinachoamua ada ya mahakama na ada ya wakili, na unaijua kabla hujaanza. Kwa dai langu, ada kamili ya mahakama ilikuwa euro 885, na ya wakili hadi siku ya kusikilizwa euro 1,685 kabla ya kodi, kisha euro 666 zaidi kama mtapatana. Nimewahi kuwa na kesi ya kiwanja hapa nyumbani, na mpaka leo sijui ilinigharimu kiasi gani.

Wengine mtauliza kwa nini sikumshtaki Iringa. Ningeweza kujaribu, lakini mali yake iko Ujerumani. Hukumu ya kwetu ingebidi ikatambuliwe tena na mahakama ya kule, na wana masharti yao, likiwemo la kwamba na sisi tunatambua hukumu zao. Afadhali kumfuata mtu anakolala.

Tulianza na njia ya mkato: amri ya malipo isiyo na kesi. Mdai anayeishi nje ya Ujerumani hupeleka maombi yake Amtsgericht Wedding, yaani mahakama ya chini ya Wedding, Berlin, hata kama mdaiwa yuko mji mwingine. Ni fomu, hakuna ushahidi unaoambatishwa, na ada ni sehemu ndogo. Mimi nililipa euro 147.50. Mdaiwa ana wiki mbili za kupinga. Akinyamaza, unapata hati ya kukazia madai. Wangu hakunyamaza, alipinga kwa mstari mmoja bila sababu, maana sababu hazihitajiki. Faili likahamia mahakama ya mji wake, nikalipa 737.50 zilizobaki. Njia hii ni nzuri kwa mtu asiyekataa deni bali anavuta miguu. Kwa mtu anayebisha, mimi naiona ni miezi iliyopotea.

Dai lilikuwa zaidi ya euro 5,000, kikomo cha wakati ule cha mahakama ya chini, kwa hiyo likaenda Landgericht, mahakama ya ngazi inayofuata juu yake. Huko huruhusiwi kujisemea, wakili ni lazima. Kila kitu ni Kijerumani, na jaji anaweza kuagiza nyaraka zako zitafsiriwe na mtafsiri aliyeidhinishwa. Barua pepe zetu zilikuwa za Kiingereza. Nilitafsirishia zile tu wakili alizochagua.

Kisha likaja lililotaka kunizika. Wakili wa mdaiwa aliandika: mdai anaishi nje ya Ulaya, tunaomba aweke dhamana ya gharama zetu. Ni kifungu cha 110 cha sheria yao ya mashauri ya madai. Mkazi wa Umoja wa Ulaya haguswi. Mkazi wa kwingine hutoa dhamana mdaiwa akiomba, labda kuwe na mkataba wa kimataifa unaomkinga, na mimi sikuwa na wa kunikinga. Mahakama ilipiga hesabu ya gharama ambazo mdaiwa angeweza kuingia, pamoja na za rufaa, ikaja euro 4,800. Karibu shilingi milioni 12. Usipoweka ndani ya muda, mdaiwa akiomba, dai lako linahesabiwa umeliondoa mwenyewe.

Benki yangu ikasema itaandika dhamana. Wakili akasema haitafaa: lazima iwe ya benki iliyoruhusiwa kufanya kazi Ujerumani. Ikabaki kuweka fedha taslimu kwa mahakama. Msaada wa kisheria? Mtu binafsi asiye na uwezo anaweza kuuomba hata akiwa mgeni, ila mimi nilinunua kwa jina la kampuni, na kampuni ya nje ya Ulaya haimo. Nikauza shehena mbili za mbao kwa bei ya hasara. Shemeji yangu akacheka: "Neno lenyewe hela walituletea Wajerumani, sasa wanalidai." Ni kweli, linatokana na sarafu yao ya heller. Siku ile halikunichekesha.

Kama ni nyota, hapo natoa moja. Naelewa mantiki yake, kwamba nikishindwa nisitoweke na deni la gharama, maana kule anayeshindwa humlipa mwenzake. Lakini mwenye haki asiye na milioni 12 za kulaza mwaka mzima, haki yake inafia mlangoni.

Baada ya hapo ni karatasi. Miezi saba mawakili waliandikiana, na kila barua ina tarehe ya mwisho isiyo na mzaha. Hakuna kumlazimisha mwenzako afungue makabati yake ili uchambue nyaraka zake zote. Unachotaka kuthibitisha, uje nacho.

Hoja zake kubwa zilikuwa mbili. Kwanza, mashine iliuzwa "kama ilivyo". Pili, nilichelewa kulalamika. Wakili wangu akanieleza jambo ambalo sikuwa nikilijua: muuzaji akiwa Ujerumani na hamkuchagua sheria nyingine, inayotumika ni ya Ujerumani, na ndani yake umo Mkataba wa Vienna wa 1980 wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa. Tanzania haimo kwenye mkataba huo, lakini Ujerumani imo tangu 1991, na inatosha. Mkataba huo unamtaka mnunuzi akague mzigo mapema na amjulishe muuzaji kasoro ndani ya muda unaofaa, akizieleza. Asipofanya hivyo, anapoteza haki ya kulalamika. Ndipo nikaelewa thamani ya hasira yangu ya tarehe 11 Januari.

Shauri lilipangwa Mei 2023. Wakili aliomba tarehe iangukie wiki ya LIGNA, maonyesho ya mashine za mbao kule Hannover, ambayo wenzangu wa mbao mnayajua, nami nilikuwa nimeshapanga kwenda. Ndiyo maana nauli haimo kwenye hesabu.

Nilijiandaa kusimama kizimbani nisimulie. Nilivaa suti. Kumbe mimi si shahidi! Kwao, mwenye kesi akisimulia, hayo ni maelezo tu, na kumhoji kama ushahidi ni jambo la nadra. Jaji alikuwa mmoja, joho jeusi, hakuna wigi. Faili alikuwa amelisoma hadi koma, nikaona aibu kwamba mimi sikulisoma hivyo. Hakupoteza muda na "kama ilivyo": akamwambia wakili wa mdaiwa kwamba ukitangaza mwaka wa mashine na namba yake, huwezi kuyafuta hayo kwa maneno ya jumla. Barua pepe yangu akasema ilifika kwa wakati. Moyo ukapanda.

Kisha akanigeukia. Thamani ya mashine ya 1999 ni ipi, na ule ufa ulikuwapo kabla ya safari au la? Ripoti niliyoitengenezesha Iringa, mbele yake, ilikuwa maneno ya upande wangu. Mtaalamu lazima ateuliwe na mahakama. Mashine iko Mafinga. Nani atakwenda, maombi yapitie njia za kibalozi kwa muda gani, na nani atatanguliza gharama? Atangulizaye ni mwenye mzigo wa kuthibitisha. Yaani mimi.

Kimya. Halafu jaji, bila kubadilisha sauti, akataja namba: 7,800, kila upande ubebe wakili wake, ada ya mahakama nusu kwa nusu. Tukatoka koridoni dakika kumi. Wakili wangu aliniambia kitu kimoja tu: "Hukumu nzuri inaweza kuja mwaka 2025." Tukarudi, tukakubali. Jaji akasoma masharti kwenye kinasa sauti, akayapiga tusikie, akauliza kila upande kama unaridhia. Niliongezea moja kupitia wakili, nawe usilisahau: mdaiwa akubali papo hapo dhamana yangu irudishwe. Jumla dakika hamsini. Na kwa kuwa tulipatana, theluthi mbili za ada ya mahakama zilirudi.

Jaji yule nampa nyota tano, na nasema hivyo huku nikijua alinibana kwenye kona. Alibana pande zote mbili, mbele yetu wote, kwa sababu zilezile alizozisema kwa sauti. Hela ziliingia Julai. Dhamana ilirudi Septemba, baada ya fomu nyingine mbili.

Mashine tumeibadilishia shafti na inaranda vizuri, nisiseme uongo. Mwaka huu nanunua nyingine hukohuko, muuzaji tofauti. Mkataba wake ni kurasa tatu. Mwaka, namba ya mashine na saa zilizotumika vimeandikwa ukurasa wa kwanza. Fundi naye ameshaambiwa: kontena likifika, hata kama ni saa mbili usiku, kamera kwanza, nondo baadaye.