Yuniti ya programu mwaka wa kwanza: bakteria wangu wamefika hasi 32768

Mimi ni wa bayolojia na kemia, kompyuta nimeletewa tu kwa sababu sisi wa sayansi sote mwaka wa kwanza twapitishwa kwenye yuniti ya programu kwa lugha ya C. Chuo sikitaji, kiko hapahapa Mombasa, wanaokijua watakijua. Naandika bado nina hasira kwa hivyo mnivumilie.

Joto la ile labu sitaki hata kuliongelea, pangaboi moja yazunguka kwa kujitolea, stima ikikatika na hukusevu basi kazi imeenda, hayo tumezoea. Kilichonichoma ni siku ya zoezi la lupu, yaani kuiambia kompyuta irudie amri zilezile. Kila mtu aandike anachotaka, mimi nikasema ngoja nilete kitu cha kwetu: E. coli, akipata chakula na joto zuri hujigawa kama kila dakika 20, kwa hivyo anza na mmoja, zidisha kwa mbili, chapisha, rudia. Ikaenda safi, 2, 4, 8, mpaka 16384, mstari unaofuata yatoka hasi 32768. Halafu sifuri, sifuri, sifuri mpaka chini. Yaani masaa matano tu nina bakteria hasi, dakika 20 mbele hakuna hata mmoja!

Nikainua mkono. Mwalimu akaja, hata hakusoma vizuri, akasema kwa sauti darasa zima lisikie, "We msichana wa bayolojia, kuzidisha kwa mbili kumekushinda? Rudi darasa la nne." Watu kicheko. Nikamwambia mwalimu fomula iko sawa, si yaonekana mpaka hapa majibu ni sawa, akaniambia nisimfunze kazi, akaenda zake. Wallahi nilitaka kubeba begi nitoke.

Jioni ndani ya matatu ya Bamburi nikaandika programu ileile kwenye simu, nikatoa tu conio.h na clrscr, ile mistari ya kufuta skrini, maana kompaila ya simu, ile inayogeuza programu iweze kuendeshwa, haina habari na hao, nikabonyeza, ikapita 32768, ikaja 65536, ikaendelea zake. Sasa nani kuzidisha kumemshinda?

Kumbe labu nzima twatumia Turbo C++ ya Borland, ile skrini ya bluu ya enzi za DOS, na humo int, ile aina ya namba kamili niliyotumia, ni biti 16, yaani nafasi 16 za sifuri au moja, kikomo chake 32767, ukipita hapo inapinduka upande wa hasi. Kwa simu int ni biti 32, yafika bilioni mbili na ushei. Dawa ni kuandika long badala ya int, na %ld kwenye printf, ile amri ya kuchapisha, basi. Na haya hakuniambia mwalimu, aliniambia kijana anayetunza labu, alikuwa ashafunga milango anataka kwenda kwao, akasimama akanichorea zile biti kwenye karatasi, na ile ya mwanzo inayobeba alama ya hasi, nikaelewa palepale.

Tena hapa ndo nachanganyikiwa, maana C yenyewe nimeipenda. Kuna wenzangu chuo kingine wafunzwa lugha ya Python, huko namba kamili haina kikomo, bakteria wao wangezaana tu mpaka kumbukumbu ya kompyuta ijae na wasijue namba inakaa vipi mle ndani. Kwa hivyo hiyo Turbo C++ nzee nayotaka kuitukana ndo imenifunza. Lakini hiyo si sifa ya mwalimu, yeye alipita tu.

Nilikuwa nimeshaipa yuniti hii nyota moja. Nafanya tatu, na hizo mbili za juu ni za kijana wa labu, karo yangu ingefaa iende kwake moja kwa moja. Aa, ngoja, nimekumbuka lile zoezi lilisahihishwa, nimepewa 4 kwa 10, na pembeni ameandika "fomula". Basi ni moja.