Rezini ya poliesta au epoksi kwa boti ya faibaglasi?
Kwa kuunda boti mpya, chukua poliesta. Ni nafuu, na kigumishi chake, yaani dawa ya kuifanya igande, ni kidogo, kama asilimia 1 hadi 2, kinachopunguzwa siku ya joto kali. Harufu yake hutokana na stairini, kemikali iliyomo ndani yake inayotoa mvuke. Vaa barakoa ya kuchuja mvuke.

Kuziba ufa wa boti kuukuu ni habari nyingine. Hapo naipendelea epoksi, hata kwa bei yake: hushika vizuri zaidi kwenye faibaglasi iliyokwisha kukauka, na husinyaa kidogo. Ila kigumishi chake kina kipimo kimoja tu. Ukikizidisha ili ikauke haraka, haikomai sawasawa, na kiraka hubaki dhaifu. Jua pia huiharibu, kwa hiyo lazima ipakwe rangi.