Plasta ya uwazi kwa tatuu mpya: inafaa sana, ila haiponyi haraka kama wanavyodai

Ninayoizungumzia ni ile plasta nyembamba ya plastiki, inayoonekana hadi ndani, ambayo mchoraji hukubandika juu ya tatuu akishamaliza kazi. Huuzwa kwa roli au kwa vipande vilivyokwisha kukatwa. Nimeitumia mkononi, begani na pajani, na tatuu nyingine nimeziponya kwa njia ya kawaida ya kuosha na kupaka krimu, kwa hiyo nalinganisha vitu ninavyovijua vyote viwili. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa sababu ya maneno yanayoandikwa kwenye pakiti nyingi kwamba tatuu itapona upesi. Kinachopona upesi ni uso wake tu, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu mchoro mzuri.

Sindano ya tatuu hupita ngozi ya juu na kuacha wino kwenye tabaka la pili, kina cha milimita moja hadi mbili. Ngozi ya juu hujifunga ndani ya wiki mbili hadi nne. Tabaka la chini, lenye wino wenyewe, huendelea kujitengeneza kwa miezi miwili au mitatu, na zaidi pale palipojazwa rangi nzito. Plasta inafanya kazi kwenye siku chache za mwanzo za safari hiyo. Ukishalielewa hilo, utaifurahia.

Plasta hizi hutengenezwa kwa poliurethani, aina ya plastiki laini, na ni za jamii moja na zile za hospitalini zinazoshikilia sindano ya dripu mkononi, kama Tegaderm. Mvuke wa jasho unapita kwenda nje, maji na vijidudu haviingii. Kidonda kikikaa na unyevu wake chini ya plasta hakifanyi kigaga kinene, na chembe za ngozi mpya hutambaa kwa urahisi juu ya uso wenye unyevu kuliko juu ya uso mkavu uliokakamaa. Faida kwa tatuu ni kubwa: kigaga kinene kikinaswa na nguo na kung'oka kabla ya wakati, hung'oka na wino, ukabaki na doa tupu katikati ya mstari.

Kuibandika si kazi ya kulipua. Ngozi ioshwe kwa sabuni ya maji isiyo na manukato, ikaushwe kabisa, na vinyweleo vinavyozunguka mchoro viwe vimenyolewa. Usipake mafuta wala krimu chini yake. Gundi haitashika, na hata ikishika itaachia usiku ukiwa umelala. Plasta izidi mchoro kwa sentimita 2.5 hadi 3 kila upande. Pembe zikatwe ziwe za mviringo, maana pembe kali hunaswa na nguo na kuanza kujikunja. Na hili ndilo watu hawaambiwi: usiivute wakati wa kubandika. Plasta iliyovutwa hujaribu kurudi katika urefu wake, na nguvu hiyo huivuta ngozi mpaka malengelenge yanatokea kando kando. Karibu na kiungo, kunja kiungo nusu kwanza ndipo ubandike. Kama mchoro ni mpana kuliko roli, tumia vipande viwili vinavyopandana kwa sentimita moja hivi.

Saa 24 za kwanza zinatisha kwa asiyezoea. Chini ya plasta hujikusanya maji meusi, mazito, wakati mwingine yenye damu. Hayo ni majimaji ya kidonda yakichanganyika na wino wa ziada uliobaki juu ya ngozi. Tatuu yako haijayeyuka. Usitoboe mfuko huo kwa sindano ili kuyatoa, kwa sababu tundu ulilotoboa ni mlango. Kipande hiki cha kwanza hutolewa baada ya saa 24 hivi, au mapema zaidi kama maji yamefika ukingoni. Osha, kausha, kisha bandika kipande cha pili, ambacho kwa kawaida hukaa siku tatu hadi tano. Fuata muda uliotajwa kwenye pakiti yako na alichokuambia mchoraji. Tatuu iliyokwisha kuanza kukauka na kufanya vigaga usiibandike plasta mpya. Gundi itaving'oa siku ya kuitoa.

Ikivuja, toa. Ukingo ukiachia mpaka ukafika kwenye mchoro, maji ya kuogea yanaingia na kubaki humo, kwenye joto la mwili, juu ya kidonda kibichi. Kuziba ukingo huo kwa gundi ya karatasi au kwa plasta nyingine ya kawaida ni kufungia uchafu ndani. Toa yote, osha, anza na kipande kipya au uendelee bila plasta.

Namna ya kuitoa inahitaji dakika tano hadi kumi na maji ya uvuguvugu yanayotiririka. Inua pembe moja, kisha vuta plasta ikiwa sambamba na ngozi, kama unarefusha mpira, kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Ukiivuta kwenda juu utainua ngozi mpya pamoja nayo. Mabaki ya gundi kwenye ngozi nzima ya pembeni hutoka kwa mafuta kidogo ya kupikia au ya mtoto. Usiyasugue juu ya mchoro wenyewe.

Kuna watu ambao plasta hii haiwafai hata kidogo, nao ni wale wanaodhuriwa na gundi yake. Dalili yake ni rahisi kuitambua ukijua pa kuangalia. Mzio wa gundi hufuata umbo la plasta: mwasho mkali na vipele vidogo hutokea hata pale ambapo sindano haikugusa, na ukiitoa unaona mraba umechoreka. Maambukizi huanzia kwenye mchoro na kutanuka kwenda nje. Ukiona mraba, usibadilishe kipande kwa kingine. Rudi kwenye sabuni na krimu. Anayejijua ana ngozi nyepesi kudhurika abandike kipande cha sentimita tatu ndani ya mkono siku kadhaa kabla ya kuchorwa, akiache siku mbili aone.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo pakiti haiisemi. Plasta ikitoka baada ya siku tano au sita, tatuu inapendeza: mistari imetulia, hakuna kigaga, maumivu yamekwisha. Mtu anaona kazi imekwisha, anaenda kuogelea au anavaa jinzi ya kubana juu yake. Siku mbili baadaye ngozi inaanza kubabuka, nyembamba, vipande vikiwa na rangi ya wino, na mwasho unaanza. Hatua hii huja kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, kwa aliyetumia plasta na kwa ambaye hakutumia. Tofauti ni kwamba wa pili amekwisha kuonywa na vigaga vyake kuwa bado ana kidonda.

Kuanzia hapo utunzaji ni uleule wa zamani. Osha mara mbili kwa siku kwa vidole, bila sponji wala kitambaa, kausha kwa kugusagusa na karatasi laini, halafu paka krimu isiyo na manukato. Kiasi: tatuu yenye ukubwa wa kiganja inatosheka na krimu ya ukubwa wa punje moja ya njegere. Ikiwa baada ya dakika tano bado inang'aa, umezidisha, futa. Mafuta mazito ya mgando yakipakwa kwa tabaka nene huifanya ngozi ivimbe maji na kulainika, na vigaga vikilainika hivyo huteleza na wino. Marhamu za antibiotiki zenye neomaisini sizipendekezi bila agizo la daktari, kwani dawa hiyo inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi ziache kabisa. Huunguza chembe zilezile zinazojenga ngozi mpya.

Mwasho ndio unaoshinda watu. Usikune, usibandue vipande hata kama vinaning'inia. Bonyeza kwa kiganja safi, au weka kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kwa dakika chache, kisha krimu kidogo. Shuka au nguo ikiganda kwenye mchoro asubuhi, ilowanishe kwa maji mpaka iachie yenyewe.

Halafu tatuu inafifia. Wiki ya tatu na ya nne, rangi hugeuka kuwa na ukungu, nyeusi inaonekana ya kijivu, na mtu anaanza kumlaumu mchoraji. Ngozi mpya iliyo juu ya wino bado haijakomaa na inatawanya mwanga. Ikikomaa rangi hurudi. Kwa ngozi nyeusi subira iwe ndefu zaidi, kwa sababu wino unatazamwa kupitia melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, na ngozi iliyoumizwa huweka weusi wa ziada kwa muda kuzunguka mistari. Weusi huo hupungua kwa miezi. Usihukumu rangi kabla ya miezi miwili, na usiombe kurekebishiwa kabla ya wiki sita hadi nane. Kuchora juu ya ngozi isiyokomaa ndiko kunakoleta makovu.

Maji ya kuoga ya bomba la mvua hayana neno. Bwawa, bahari, mto na beseni la kujilaza vingoje mpaka ubabukaji uishe kabisa na ule mng'ao wa ngozi mpya utoweke, wiki tatu hadi nne kwa kawaida. Plasta si kibali cha kuogelea. Inahimili maji ya kupita, si kuzama. Jua nalo likingwe kwa nguo pana. Losheni ya kukinga jua haipakwi kwenye kidonda. Ngozi ikishajifunga, tumia ya SPF 30 au zaidi, kwani jua huendelea kufifisha wino miaka yote.

Kuna mambo yasiyostahili kusubiriwa. Maumivu na joto vinatakiwa vipungue kila siku. Vikiongezeka baada ya siku ya tatu, hiyo si hatua ya kupona. Vitabu husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri: huja kama weusi mzito au rangi ya zambarau. Pima kwa mgongo wa mkono, linganisha joto la mchoro na la sehemu ileile upande wa pili wa mwili. Usaha wa njano au kijani, harufu, homa, au michirizi inayopanda kutoka kwenye mchoro ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Plasta itolewe mara moja. Vipele vigumu vinavyojitokeza wiki kadhaa baadaye ndani ya sehemu zenye kivuli cha kijivu navyo vinahitaji daktari wa ngozi: vinaweza kuwa ni mikobakteria, jamaa wa mbali wa bakteria wa kifua kikuu, ambao huingia kwa wino uliochafuka au uliozimuliwa kwa maji yasiyo safi. Marekani iliripoti mlipuko wa namna hiyo mwaka 2012, uliotokana na wino wa kijivu uliochanganywa tayari. Mchoraji anaweza kuwa msafi kabisa na bado chupa ikawa na tatizo. Wino mwekundu nao una sifa ya kuleta mzio, wakati mwingine miezi baada ya tatuu kupona.

Mistari kuinuka kidogo wiki za mwanzo ni kawaida, ilimradi uvimbe haujatoka nje ya mstari. Keloidi, yaani kovu nene lililoinuka, hutanuka kupita mipaka ya kidonda, inaweza kuanza miezi kadhaa baadaye, na watu weusi wanaipata zaidi. Kifua, mabega na masikio ndizo sehemu zake. Hakuna plasta inayoizuia, na aliyewahi kuipata kwa kutoga sikio au kwa chanjo afikirie mara mbili kabla ya kuchorwa popote.

Kuhusu kununua: kwa kazi kubwa yenye rangi iliyojazwa, mkononi, pajani, kwenye shavu la mguu au mgongoni, sioni kwa nini mtu asiitumie. Usiku wa kwanza peke yake, bila shuka kuganda wala madoa kitandani, unatosha kunishawishi. Kwa mistari myembamba ya ukubwa wa kidole haina haja. Hizo hupona vizuri kwa sabuni na krimu. Vidoleni, kwenye kiwiko na kwenye unyayo haishiki hata nusu siku. Chagua roli ya upana wa sentimita 15 kama mchoro ni mkubwa, kwa kuwa kila kiungo cha vipande viwili ni mahali pengine pa kuvujia, na hesabu kipande cha akiba tangu mwanzo, maana cha kwanza karibu kila mara hubadilishwa.