Tathmini ya chanjo ya mafua ya msimu: dozi ni moja, mwitikio wa mwili si mmoja

Chanjo ya sindano ya mafua ni miongoni mwa bidhaa chache za tiba zinazopitiwa upya kila mwaka, kwa kuwa kirusi cha influenza hakiachi kubadilika. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani huitisha kikao cha wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini, ili kupendekeza aina za virusi zitakazowekwa ndani ya chanjo. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni nusu mililita, yenye mikrogramu 15 za hemaglutinini, yaani ile protini ya juu ya kirusi, kwa kila aina iliyomo. Kipimo hicho hupewa mwanamke na mwanamume bila tofauti yoyote, na hapo ndipo ninapotaka kuipima bidhaa hii, maana ushahidi kwamba miili ya jinsia hizi mbili haiipokei kwa namna moja umekuwapo kwa muda mrefu.

Kwa utendaji wa jumla, chanjo hii ni nzuri ingawa si kamilifu. Mwili huhitaji takriban wiki mbili kujenga kinga, na katika misimu ambayo aina zilizochaguliwa zinafanana vyema na virusi vinavyosambaa, hupunguza hatari ya kuugua mafua ya kumpeleka mtu kwa daktari kwa kati ya asilimia 40 na 60. Anayeugua licha ya kuchanjwa kwa kawaida haugui vikali kama ambaye angeachwa bila kinga.

Habari ya jinsia ilijitokeza wazi pale chanjo ilipoadimika nchini Marekani katika msimu wa 2004 na 2005. Watafiti waliwachanja watu wazima wenye afya njema, wa umri wa miaka 18 hadi 64, baadhi kwa dozi kamili na wengine kwa nusu yake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: wanawake waliopata nusu dozi walitengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na kirusi, kwa kiwango kinachokaribiana na cha wanaume waliopata dozi kamili. Sisemi kwamba wanawake wapunguziwe dozi kuanzia kesho, kwa sababu wingi wa kingamwili katika damu haulingani moja kwa moja na kunusurika na ugonjwa, na watu waliopimwa hawakuwa wazee wala wagonjwa. Hata hivyo, tokeo la uzito huo lilistahili kufuatiliwa kwa majaribio makubwa, hasa kwa kuwa upungufu wa chanjo ni jambo linaloweza kujirudia wakati wowote.

Sababu za tofauti hii zinafahamika kwa sehemu. Jeni ya TLR7, inayotoa maelekezo ya kuunda kipokezi cha kuitambua RNA, yaani chembe ya urithi, ya virusi kama vya influenza, imo katika kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za jeni zinazohusika na jinsia. Mwanamke anazo kromosomu X mbili, na ingawa moja kwa kawaida hunyamazishwa katika kila seli, jeni hii huponyoka unyamazishaji huo katika baadhi ya seli za kinga, hivyo onyo la kwanza dhidi ya kirusi huweza kutolewa kwa nguvu zaidi. Homoni nazo zina sehemu yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba wanaume wenye testosteroni (homoni ya kiume) nyingi ndio waliokuwa na mwitikio hafifu zaidi kwa chanjo ya mafua, huku wenye testosteroni kidogo wakiwakaribia wanawake. Mwanamume mwenye nguvu na afya, basi, asidhani kwamba sindano hii imemfanyia kazi kuliko wengine kwa kuwa tu mwili wake ni imara.

Umri hubadilisha hesabu hiyo. Estrojeni, homoni ya kike, inapopungua baada ya kukoma hedhi, mwanamke hupoteza sehemu ya ubora aliokuwa nao ujanani, na kinga ya jinsia zote mbili hudhoofika kadiri miaka inavyosonga. Hapa watengenezaji wanastahili sifa, kwani chanjo yenye mikrogramu 60 kwa kila aina, mara nne ya ile ya kawaida, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa ajili ya wenye miaka 65 na zaidi. Ikiwa dozi imeweza kupangwa kwa kufuata umri, sioni kwa nini jinsia isipewe uchunguzi wa kina namna hiyohiyo.

Lawama yangu kubwa ni juu ya maelezo anayopewa mchanjwaji. Wanawake huripoti maumivu ya mkono, wekundu na uvimbe mahali pa sindano mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na ni nadra mtu kuambiwa hivyo kabla ya kuchomwa. Mwanamke asiyejua huweza kuhofu kwamba amedhurika, akaikataa chanjo msimu unaofuata, ilhali sentensi moja ya mtoa huduma ingemtuliza.

Kwa mjamzito, thamani ya bidhaa hii ni kubwa kuliko kwa karibu mtu mwingine yeyote. Mimba hubadilisha kinga, moyo na mapafu, na janga la mafua ya H1N1 la mwaka 2009 lilidhihirisha jinsi wajawazito wanavyoweza kuugua vibaya. Chanjo humkinga mama, na kingamwili zake hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, ambaye hawezi kuchanjwa kabla ya kutimiza miezi sita.

Ninaipendekeza chanjo hii bila kusita kwa wanawake na wanaume, na kwa kazi yake ya msingi ninaipa alama nne kati ya tano. Alama ya tano nitaitoa siku majaribio ya kila toleo jipya yatakapochapisha viwango vya kingamwili na maudhi ya sindano kwa kutenganisha wanawake na wanaume, na tena kwa rika, ili daktari anayechagua dozi awe na cha kutegemea.